Wimbo wa mgodi usisikilizwe nusu

Tangu kampuni ya Base Titanium ifunge mgodi wake wa mchanga wa madini huko Kwale mwishoni mwa Desemba 2024, mazungumzo ya hapa Mombasa yamekwama kwenye swali moja: lini utakuja mwingine? Swali hilo laulizwa Likoni, ambako malori ya mchanga wa madini yalikuwa yakiwasili kutoka Msambweni kuja kupakiwa melini. Laulizwa pia kwenye mabaraza ya Majengo na Kisauni. Na kila inapotajwa haja ya kuhifadhi masimulizi na nyimbo za watu walioishi na mgodi ule, jibu huja haraka: hatutaki vilio, twataka kazi. Msanii akiimba kuhusu kiwanda kilichofungwa au bandari iliyopunguza watu, huambiwa analilia yaliyopita. Naona jibu hilo limekosea, tena limekosea katika jambo linalogusa riziki zetu. Nyimbo bora zilizozaliwa katika maeneo ya migodi inayokufa zilikuwa zikidai hesabu: nani alipata nini, nani aliachiwa nini, na masharti yaliandikwa na nani. Pwani ikikosa nyimbo za aina hiyo itaketi kwenye mkataba ujao ikiwa imeshausahau ule uliopita.

Mfano ulio wazi kuliko yote kwangu ni wa mama mmoja wa milimani Marekani, Jean Ritchie. Alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Viper, kaunti ya Perry, mashariki mwa jimbo la Kentucky, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto 14. Kwao nyimbo zilitangulia makaa ya mawe. Mwingereza Cecil Sharp alipozunguka milima ile mwaka 1917 akikusanya nyimbo za jadi, miongoni mwa waliomwimbia walikuwamo dada zake Jean. Reli ya Louisville and Nashville, iliyoitwa L&N kwa kifupi, ilikuwa imefika mji wa Hazard mwaka 1912 tu, na makampuni ya makaa yakaingia nayo. Ritchie alisomea ustawi wa jamii katika Chuo Kikuu cha Kentucky, akahitimu mwaka 1946, akaenda New York kufanya kazi na watoto, na ni huko alikojulikana kama mwimbaji na mpigaji wa ile ala ya nyuzi ya milimani inayolazwa mapajani. Mwaka 1952 alipata ufadhili wa Fulbright kwenda Uingereza na Ireland kufuatilia asili ya nyimbo za kwao. Angeweza kuishia hapo, mhifadhi wa nyimbo za mabibi, na heshima yake ingekuwa kamili. Miaka ya 1960 akaanza kutunga mwenyewe kuhusu makaa, na nyimbo hizo akazitolea kwa jina la kiume, 'Than Hall, alilolipata kwa babu yake mzaa mama. Aliamini zingepokewa vizuri zaidi zikidhaniwa ni za mwanamume.

Wimbo wake unaotajwa sana ni ule wa treni ya L&N isiyosimama tena kijijini. Johnny Cash, mwimbaji mashuhuri wa Marekani, aliurekodi mwaka 1979 na kuufikisha mbali. Anayesimulia ni mtoto wa mchimbaji. Anakumbuka mabehewa ya makaa yakinguruma mbele ya mlango wao; sasa yamesimama safu nzima, matupu, yanaota kutu. Kuna mahali anasema hakudhani itafika siku alipende vumbi la makaa, siku aombe Mungu asikie tena mtambo wa kupakia ukiunguruma. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapotoa hukumu kwamba mama huyu anautaka mgodi urudi. Lakini upo ubeti mwingine. Mtoto anasema zamani alidhani baba yake ni mtu mweusi, kwa jinsi alivyorudi na masizi usoni, na kwamba alikuwa na pesa za kutosha kulinunua duka lote la kampuni. Leo baba anakwenda mjini mifuko mitupu, uso mweupe kama theluji ya Februari. Sasa tazama pesa zenyewe zilikuwa pesa gani. Makampuni ya makaa yaliwalipa wachimbaji kwa vipande vya chuma na karatasi zilizochapishwa na kampuni, zikiwa na thamani kamili ndani ya duka la kampuni hiyo hiyo, kwa bei iliyopangwa na kampuni hiyo hiyo. Kwa hiyo hata katika kumbukumbu tamu kuliko zote za mtoto huyu, utajiri wa baba yake haukuvuka kizingiti cha duka la mwajiri. Ritchie hakuhubiri. Aliyataja malipo hayo kwa jina lake, scrip, akaendelea na wimbo.

Niliwahi kumfasiria ubeti huo mzee mmoja wa mtaani Majengo, aliyekuwa kuli Kilindini enzi za gunia na kulabu, kabla makontena hayajashika bandari. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na pesa hizo, duka jingine zilikuwa zapokewa?" Nilipomjibu kwamba kwa kawaida la, akaanza kunieleza habari za vibarua wa siku zao, waliosimama getini tangu alfajiri bila kujua kama wataitwa au watarudi nyumbani na nauli ya watu. Hakuuliza kama mgodi ulifunguliwa tena. Alikwenda moja kwa moja kwenye malipo, kwa sababu aliwahi kulipwa kwa namna ambayo mwingine ndiye aliyeipanga.

Na ule wimbo wa treni, mtu wa Mombasa hahitaji kufunuliwa sana. Reli ya zamani iliacha kubeba abiria wetu mwaka 2017, mwaka ule ule treni mpya ilipoanza kutoka Miritini. Treni mpya ni ya haraka na ni safi, na sina ugomvi na safari ya saa chache hadi Nairobi. Lakini vituo vidogo vya reli ya kale, Mazeras, Maji ya Chumvi, Mackinnon Road, vilikuwa na watu waliokuwa wakiuza mayai, maji na mahindi dirishani, na treni mpya haina kituo huko. Kisha mizigo ikalazimishwa kwenda Nairobi kwa reli, malori yakapungua barabarani, na mwaka 2019 watu wa mji huu wakaingia njiani kila Jumatatu kuandamana, hadi serikali mpya ilipoagiza Septemba 2022 kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi bandarini. Miaka mitano ya maisha ya watu imo humo. Tulikuwa na hotuba, tulikuwa na mabango, tulikuwa na kesi mahakamani. Wimbo mmoja ambao mtoto wa Changamwe anaweza kuuimba leo na kukueleza nani alipoteza na nani alifaidika, huo siujui. Vivyo hivyo kwa mambo ya kale zaidi: mgomo mkuu wa Januari 1947 uliosimamisha mji, na mgomo wa makuli wa 1955 ambao Tom Mboya aliusuluhisha. Tunavijua kwa vitabu vya historia, wale tunaovisoma.

Katika hoja zinazopinga nyimbo hizi, iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayozigeuza ushahidi kwamba makaa ya mawe yaliuawa na watetezi wa mazingira. Hoja hii ina nguvu Marekani, na hapa kwetu inarudiwa na wale ambao wangali na uchungu wa mradi wa umeme wa makaa wa Lamu, wa megawati 1,050, uliofutiwa leseni Juni 2019. Tarehe zinaikataa. Ritchie alitunga wimbo wa treni miaka ya 1960. Sheria ya taifa ya kudhibiti uchimbaji wa juu ya ardhi ilipitishwa mwaka 1977. Mwaka 1923 Marekani ilikuwa na wachimbaji wa makaa zaidi ya laki nane. Leo hawafiki elfu hamsini. Sehemu kubwa ya anguko hilo ilitokea kabla ya sheria zote zinazolaumiwa. Mashine za kukata na kupakia ziliingia migodini kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, tena chama cha wachimbaji chenyewe kiliridhia mwaka 1950, wachache watakaobaki walipwe vizuri. Reli ziliacha makaa zikahamia dizeli. Nyumba zikahamia gesi na mafuta. Na kuna takwimu moja ambayo peke yake inatosha: mwaka 2008 Marekani ilichimba makaa mengi kuliko mwaka mwingine wowote katika historia yake, ilhali wachimbaji walikuwa kiasi cha sehemu ya kumi ya wale wa 1923. Makaa hayakuwa yamepungua. Watu ndio waliopunguzwa. Baada ya hapo gesi ya bei nafuu ikamaliza kilichosalia. Anayesikia wimbo wa kijiji kilichoachwa na treni kisha akamlaumu mlinzi wa mto, hajausikiliza.

Hofu ya upande wa mazingira ina uzito zaidi, na sitaki kuipuuza. Wanasema huzuni ya mchimbaji ni rahisi kutekwa na mwanasiasa. Kwamba ukimwacha mtu alipende vumbi, hata katika wimbo, utamuuzia vumbi kesho. Nao wana haki, kwa kuwa vumbi hilo huua. Ugonjwa wa mapafu ya wachimbaji haukuishia kwa mababu. Umerudi kwa nguvu katika milima ile ile kwa vijana wanaokata mwamba mwembamba wenye mawe mengi. Lakini mtunzi aliyeandika wimbo wa treni ndiye aliyeandika wimbo wa maji meusi, juu ya mito ya Perry iliyoharibiwa na uchimbaji wa kupasua vilima. Mwishoni mwa wimbo huo anasema angekuwa na mamilioni angeinunua kaunti nzima awatimue wote. Mtu mmoja, miaka ile ile, kaunti ile ile. Ukizisikiliza pamoja huoni kigeugeu, unaona mtu anayejua kwamba kijiji chake kiliumizwa mgodi ulipokuwapo na kikaumizwa tena ulipoondoka, na aliyeumiza mara zote mbili ni yule yule mwenye mkataba.

Mkataba wenyewe ndio unaostahili kuangaliwa kwa karibu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mawakala walipita milimani wakinunua haki za madini kwa bei ndogo mno kwa ekari, mara nyingi kwa watu waliotia alama badala ya sahihi. Hati ilimwachia mkulima ardhi ya juu na kumpa mnunuzi kilichomo chini, pamoja na ruhusa ya kufanya lolote linalohitajika kukitoa. Aliyetia alama alifikiria shimo na mtu mwenye sururu. Mjukuu wake aliamka asubuhi akakuta tingatinga kwenye shamba la mahindi na makaburi ya familia, na mahakama za Kentucky zikasema hati ni hati. Ilichukua hadi mwaka 1988 wapiga kura wa jimbo hilo kubadilisha katiba yao ili mwenye shamba asipasuliwe ardhi bila ridhaa yake. Wimbo haukuleta kura hiyo. Ililetwa na miaka mingi ya watu kukutana makanisani na mashuleni, na wajane waliolala mbele ya mashine. Kilichofanywa na nyimbo ni kuwapa watu wa mabonde tofauti maneno yale yale kwa jambo lile lile, hata mgeni akifika hakuanza kuelezwa upya.

Iko hoja nyingine ambayo sina jibu lake kamili: Ritchie aliondoka. Aliishi New York, akaimba mbele ya watu waliokuwa na mishahara, na jina lake likakua wakati Viper ikififia. Kuna dhuluma ndani ya jambo hilo, kwamba huzuni ya kijiji hufanya soko mjini, na kijiji hakipati fungu. Natetea jambo moja tu hapo. Aliyebaki alikuwa na sababu ya kunyamaza: kaka yake au mumewe alikuwa bado kwenye orodha ya kampuni. Umbali ulimpa Ritchie nafasi ya kusema, na hata kwa umbali huo alijifunika jina la mwanamume. Kwetu hali ni hiyo hiyo. Dereva anayetafuta kazi kwa mkandarasi mwingine hatasimama jukwaani kumtaja wa kwanza. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa ujasiri wa mtu mmoja mmoja. Yataka taasisi, yataka redio, yataka mtu aliye mbali kidogo lakini anayejua njia ya nyumbani.

Kwale si Kentucky, na nisingependa kulinganisha kwa pupa. Kentucky ilichimbwa kwa zaidi ya karne. Kwale ilichimbwa kwa miaka 11. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mgodi ulipoanza uzalishaji mwaka 2013 alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka ule ulipofungwa. Hapakuwa na duka la kampuni wala pesa za karatasi za kampuni. Ilijulikana tangu mwanzo kwamba mchanga una mwisho, na mashimo yalirudishiwa udongo na kupandwa mimea kwa namna ambayo migodi mingi ya Afrika haikupata. Haya ni mema na yasemwe. Lakini hesabu ipo na haijafungwa. Familia za Nguluku na Maumba zilihamishwa kupisha mchanga wenye ilmenaiti, rutile na zikoni, baada ya miaka ya mabishano ya fidia yaliyoanza enzi za Tiomin, kampuni ya Kanada iliyouza mradi huo mwaka 2010. Sheria ya Madini ya 2016 ilisema katika kila mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, serikali kuu ichukue asilimia 70, kaunti 20, na jamii ya eneo 10. Hiyo asilimia 10 ilisubiriwa miaka mingi baada ya sheria kupita, wakati meli zikiondoka Likoni zimejaa. Duka la kampuni halikuwapo, lakini pesa ya haki ambayo huwezi kuitumia popote kwa sababu haijafika mkononi inafanana nalo mno. Huo ni ubeti unaosubiri mtunzi.

Na watunzi tunao. Mji huu ndio uliomtoa Muyaka bin Haji, ambaye miaka karibu 200 iliyopita alishindana kwa mashairi na maadui wa Mombasa hata majibu yakaja kwa mashairi. Ndio uliomtoa Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kati ya 1969 na 1972 akatunga gerezani. Taarabu yetu inajua kumsema mtu hadi akainua macho bila jina lake kutajwa. Wadigo wana ngoma ya sengenya na nzumari inayosikika toka mbali kabla hujaiona ngoma. Ufundi wa kufumba na kufumbua tumerithi. Tumeutumia zaidi kwa mapenzi na siasa, na kidogo sana kwa kazi, mshahara na ardhi. Nayo bajeti ya utamaduni, inapopatikana, hununua ngoma ya kumpokea waziri uwanja wa ndege. Kikundi kinacheza dakika tano, kinapewa maji na nauli, kinarudi Kinango. Mbaya zaidi ni pale kampuni inapomlipa msanii aimbe kuhusu mradi: kila shirika lina haki ya kujitangaza, ila wimbo huo usije ukawekwa kwenye kumbukumbu kama sauti ya kijiji.

Yanayofuata kutokana na haya ni ya karibu sana. Kilima cha Mrima, kusini mwa Kwale, kina niobiamu na madini adimu ambayo dunia nzima sasa inayatafuta kwa ajili ya sumaku, magari ya umeme na silaha. Ni kilima chenye msitu na kaya, mahali pa ibada. Leseni ya Cortec, kampuni iliyotaka kuchimba hapo, ilifutwa mwaka 2013, ikaishtaki Kenya mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, ikashindwa mwaka 2018. Wageni wengine wamekuja na wengine watakuja, na swali la baraza, lini utakuja mwingine, litakuwa limejijibu. Kabla ya hapo nataka Pwani FM, Radio Kaya na vyuo vyetu vikuu viende Nguluku, Maumba, Bwiti na Likoni na vinasa sauti, vikawasikilize waliohamishwa, madereva, mama waliopika kwa wachimbaji, vijana waliofundishwa uchomeleaji na sasa hawana pa kuchomelea. Kwa Kidigo, si kwa Kiswahili cha mikutano peke yake. Watunzi walipwe kwa siku za kusikiliza, si kwa siku ya kutumbuiza tu, na haki za nyimbo zibaki kwa watunzi na vijiji vyao, si kwa kaunti wala kwa mfadhili. Nyimbo hizo zipigwe redioni asubuhi, saa ile ile tunapouliza habari za mgodi mpya, ili kikao cha kwanza cha wananchi kuhusu Mrima kitakapoitwa, mtu wa Bwiti asiwe ndiye pekee ndani ya ukumbi anayejua mambo yalikwendaje mara ya kwanza.